Baiskeli ya resi ya kwendea kazini, na hili la helmeti: yanayosemwa vijiweni Tabora na ukweli wake

Wakuu, mwangaluka. Naendesha baiskeli kila siku ya kazi kutoka Ipuli kwenda mjini na kurudi, mwaka wa tano sasa, na kila wiki lazima mtu anisimamishe kuniuliza kuhusu hizi baiskeli za resi za mtumba, zile za usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Baiskeli kwetu Tabora sio kitu kigeni, asali inaingia mjini kwa baiskeli, mkaa unaingia kwa baiskeli, mgonjwa anapelekwa hospitali ya Kitete kwa baiskeli, ila maneno yanayozunguka vijiweni kuhusu resi na helmeti mengine yanawatia watu hasara na mengine yanawaumiza kabisa, ndo maana nimekaa leo niandike.

"Resi haiwezi barabara za Tabora, hiyo ni ya mashindano tu"

Hili ni nusu kweli ndo maana linadumu. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari lakini ardhi yenyewe ni tambarare, milima hatuna, na kwa mtu ambaye njia yake kubwa ni lami resi inamfaa sana. Phoenix yako, ile baiskeli yetu ya kawaida ya mizigo, inavuka kilo 20 kirahisi kabla hujaweka mzigo, resi ya kawaida ya aluminiamu ni kilo 9 mpaka 11, na ukiinama kidogo upepo haukushiki kifua, unafika kazini shati halijalowa. Mimi safari iliyokuwa inanitoa jasho sasa naimaliza napumua kawaida.

Tatizo liko kwenye mchanga. Ukitoka kwenye lami tu ukaingia mitaani, kiangazi kile kuna mchanga laini unaokula tairi, na resi nyingi zinakuja na tairi za milimita 23 au 25, hizo zinazama na usukani unakutoka mikononi kabla hujajua. Kwa hiyo kabla hujatoa hela usiangalie rangi, angalia nafasi. Chungulia kati ya tairi na foku, na kati ya tairi na breki, na kule nyuma karibu na pedali, uone kama itaingia tairi nene zaidi, 32 hivi au hata 35. Ikikubali 32 chukua, utaendesha lami na mitaani pia. Ikikubali 25 tu na wewe unakaa ndani kule Ndevelwa, iache, mwenye nayo atapata mteja mwingine.

"Tairi ni tairi, ya Phoenix 28 itaingia"

Hapa ndo watu wanalia. Nimeshuhudia jamaa kanunua resi vizuri kabisa, baada ya miezi mitatu tairi likapasuka, akazunguka maduka yote akiomba "namba 28", akapewa, fundi akapambana nalo mchana mzima likagoma. Sio kosa la fundi. Hiyo 28 ya Phoenix na baiskeli za namna yake, ile inayoandikwa 28 x 1½, inakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Resi ni 622, na inaandikwa 700C. Tofauti ni milimita 13 tu, kwa macho huoni, ila tairi halitashika ringi, litacheza na litachomoka ukiwa mwendoni.

Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe, tafuta ile ndogo pembeni ya tairi, mfano 32-622, ya kwanza ni unene na ya pili ndo inayoamua kila kitu. Na hapa kuna siri nzuri, baiskeli za milimani zinazoitwa "29" nazo ringi yake ni 622, ukubwa ule ule wa resi, zile za 26 ni 559 hizo sahau. Kwa hiyo ukikwama unaweza kupata tairi jembamba la 29 likakuokoa kama fremu yako ina nafasi. Ukienda Mwanza au Dar beba tairi moja na tyubu mbili uweke ndani, usisubiri lipasuke.

Valvu nayo, resi nyingi zina ile nyembamba ya kufungua kanati kwa juu kabla ya kujaza, pampu ya kijiweni inaweza isikubali, kuna kiunganishi kidogo cha shaba unakifunga juu ya valvu ndo pampu za kawaida zinashika. Mi nakitembeza kwenye mnyororo wa funguo.

"Jaza upepo mpaka liwe jiwe"

Tairi jembamba lenye upepo mdogo linabanwa na ringi ukigonga shimo, unapata matundu mawili yaliyokaa pamoja kama jino la nyoka, hilo ni kweli. Lakini ukizidisha kwenye njia mbovu baiskeli inarukaruka, mikono inakufa ganzi na wala haiendi mbio zaidi. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kaa katikati ya namba hizo, ukiwa mzito panda kidogo. Na hakuna upepo unaozuia mbigili. Mvua zikiisha mbigili zinakauka pembeni mwa barabara zinasubiri tairi tu, mwiba wa mgunga nao hauna huruma. Dawa ni tairi lenye kitambaa kigumu ndani, kupapasa tairi ukifika nyumbani uchomoe miiba kabla haijazama, na usiiache njia ya wengi ukakata kwenye majani.

"Kaboni ndo baiskeli, hizo nyingine ni vyuma"

Kwa mtumba hapana, nasema hapana. Fremu ya kaboni ikipigwa inaweza kupasuka ndani huku nje rangi inang'aa, na wewe hujui ilianguka mara ngapi huko ilikotoka. Chuma kikikatika fundi wa kuchomelea anakiunga, aluminiamu kuunga ni kazi ngumu, na kaboni kijiweni hakuna wa kuigusa. Halafu wewe unaenda kazini, unabeba begi, chakula, siku nyingine mchele wa nyumbani, kaboni nyingi hazina hata matundu ya nati za kufungia keria wala madigadi. Tafuta fremu yenye matundu hayo nyuma karibu na ekseli, ni kitu kidogo ila ndo kinachotofautisha baiskeli ya kazi na ya mashindano.

"Ikiwa kubwa utashusha siti"

Siti unashusha, urefu wa bomba la juu haushuki. Simama juu ya baiskeli miguu yote chini, bomba lisikuguse pabaya. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Basi, hiyo imekutosha.

"Breki zote sawa, ilimradi inashika"

Inashika lini? Novemba mvua zikianza ndo utajua. Ringi za chuma zinazong'aa zikilowa breki inateleza, unaweza kubana kwa nguvu zote na bado unaenda, waendesha Phoenix wanalijua hili. Ringi ya aluminiamu na raba nzuri ni afadhali kubwa, disiki ni bora zaidi. Na kwa mtumba zilizotoka Japani au Uingereza mara nyingi breki ya mbele iko mkono wa kulia, zilizotoka nchi nyingine iko kushoto, jaribu taratibu kwanza usije ukaibana ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma.

"Helmeti ni ya wazungu na wa mashindano, mi naenda taratibu"

Hili linaniuma. Mtoto wa dada yangu alianguka jioni moja karibu tu na nyumbani, hakuna gari, hakuna pikipiki, tairi la mbele liliingia mchangani akapiga upande wa kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Alikaa siku mbili hajui yuko wapi. Alikuwa anaenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kinachoumiza pale ni urefu ambao kichwa kinashuka kutoka ulipokaa mpaka chini, na hicho ndicho helmeti inapimiwa, maabara wanaidondosha kutoka karibu mita moja na nusu kwa kipimo cha Ulaya na mita mbili kwa cha Marekani. Yaani imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka kama kule kwa mtoto wetu.

Na hao wa mashindano wenyewe walichelewa. Waliofika Tour de France miaka mingi walikuwa wanakimbia na kofia za kitambaa au kichwa wazi, mpaka Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan alipofariki kwa kuumia kichwa kwenye mashindano ya Paris–Nice, ndo mwaka huo shirikisho la baiskeli la dunia likalazimisha helmeti.

"Gari likikugonga helmeti haisaidii kitu"

Inasaidia, ila sio muujiza. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja wanakuta kwamba kwa waliopata ajali, kuvaa kunapunguza kuumia kichwa kwa karibu nusu, na majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 60 mpaka 70. Shingo haiokoi, kifua haiokoi, na lori la mzigo barabara ya Nzega halizuiwi na helmeti. Ile povu ya ndani kazi yake ni kupondeka ili fuvu lako lisipondeke, kwa hiyo ikishapigwa mara moja imekwisha hata kama nje inaonekana nzima. Ndo sababu siipendi helmeti ya mtumba, hujui imeshaanguka na nani.

"Ya bodaboda au ya ujenzi inatosha"

Ya ujenzi imetengenezwa kwa kitu kinachokuangukia kutoka juu, ukianguka kwa ubavu inaruka pembeni na kukuacha. Ya bodaboda italinda, lakini ni nzito na joto letu la Oktoba lile utaivua siku ya tatu uitundike kwenye usukani. Tafuta ya baiskeli yenye maandishi EN 1078 (kile kipimo cha Ulaya) au CPSC (cha Marekani) ndani. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ifanye umbo la V chini ya masikio, na chini ya kidevu viingie vidole viwili tu. Dada zangu mnaosuka nywele, nunueni mkiwa mmesuka, na mtandio mwepesi chini yake hauna shida. Yangu iliagizwa Dar ikaja na basi, nilituma kipimo cha kichwa nilichopima kwa futi ya fundi cherehani.

"Serikali ilazimishe, ajali zitaisha"

Baada ya yote hayo niliyosema mngetegemea niunge mkono. Kwa mtu mzima siungi.

Kwanza kuna wanaodhani kuendesha baiskeli bila helmeti tayari ni kosa kisheria. Helmeti inayotajwa kwenye Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 ni ya pikipiki. Waliolazimisha helmeti ya baiskeli ni kama jimbo la Victoria kule Australia, wa kwanza duniani, Julai 1990, New Zealand wakafuata 1994. Victoria ndani ya mwaka mmoja wavaaji walitoka asilimia 31 wakafika 75, na majeraha ya kichwa yalipungua, lakini walipohesabu barabarani waendeshaji nao walikuwa wamepungua, hasa vijana, na mpaka leo wanabishana kipi kilipunguza majeraha. Mexico City walifuta yao 2010 walipotaka watu watumie baiskeli za kukodi. Kaunti yenye mji wa Seattle kule Marekani ilifuta 2022 baada ya kuonekana faini zinawaangukia zaidi watu weusi na wasio na makazi. Na Uholanzi, ambako safari moja katika kila nne ni ya baiskeli, karibu hakuna anayevaa na bado ni moja ya sehemu salama zaidi, kwa sababu wana njia zao na magari yanapunguzwa mwendo.

Sasa ilete hapa. Mzee anatoka Kigwa na magunia mawili ya mkaa, hela yote anayoipata leo inaliwa leo, helmeti madukani kwetu mpaka uagize, halafu asimamishwe njiani aambiwe atoe faini? Huyo hatavaa helmeti, atapita njia za panya usiku bila taa. Mi ningeanza na hizo taa. Baiskeli ngapi usiku hazina hata rifrekta nyuma? Ningesimamia ile spidi ya 50 kwenye makazi, na mbele ya shule ingekuwa 30, kwa sababu gari la 50 linakuja na nguvu karibu mara tatu ya lile la 30. Na bega la barabara liachwe wazi, sio kupaki malori.

Watoto ni habari nyingine, hapo nakubali sheria. Sweden tangu 2005 walio chini ya miaka 15 lazima wavae, mkubwa anajiamulia. Mtoto hajui kupima hatari na kichwa chake bado kinakua. Ila hata hapo helmeti zije kwanza, ziondolewe kodi zifike Tabora kwa bei ya mzazi wa kawaida, ndo tuzungumze faini ya mtu yeyote.

Mtoto wa dada yangu alipona, anaenda shule na baiskeli, tumempa 26 ya tairi pana maana njia yao ni mchanga mtupu. Helmeti anavaa, asubuhi mama yake anamfunga mkanda mlangoni kama anavyomfunga vifungo vya shati.