Mgonjwa Anayesita Si Mgonjwa Asiyeelewa

Wiki hii nimepokea tena mgonjwa wa baridi yabisi akiwa na barua fupi ya daktari mwenzangu: amekataa methotreksati, tafadhali mwelimishe. Neno hilo la mwisho limenichosha. Mgonjwa huyo anajua kwamba dawa hiyo, inayotuliza ugonjwa wake na kulinda viungo, humezwa mara 1 tu kwa wiki, anajua kwa nini anapimwa ini na damu, na anajua kazi ya asidi ya foliki, vitamini inayopunguza madhara ya dawa hiyo. Anachokataa ni kichefuchefu na uchovu wa siku inayofuata, yaani siku nzima inayompotea kila wiki, wakati nafuu yenyewe huenda ikachukua wiki 6 hadi 12 kuonekana.

Sisi madaktari tunaipima dawa kwa idadi ya viungo vilivyovimba na kwa picha za eksirei, ilhali yeye anaipima kwa siku anazoweza kufanya kazi. Tazameni prednisoloni, ambayo wagonjwa huipenda kwa sababu hutuliza maumivu upesi, nasi tunaiogopa kwa sababu ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huleta mtoto wa jicho. Mtu yule yule tunayemwita mwoga kwa kuikataa methotreksati tunamwita mzembe kwa kuing'ang'ania prednisoloni, ingawa mizani yake ni ile ile: asubuhi ya kesho ina uzito kuliko mwaka wa kumi kutoka sasa. Asiyeweza kufunga vifungo vya shati lake ana sababu nzito ya kupima hivyo.

Wala si kweli kwamba wagonjwa hukimbia kila hatari. Dawa ya natalizumabu iliidhinishwa Marekani Novemba 2004 kwa ugonjwa wa multipo skilerosisi, unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, ikasitishwa Februari 2005 baada ya wagonjwa kupata maambukizi ya ubongo yanayoweza kuua, kisha ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali. Miongoni mwa waliosimama mbele ya wadhibiti kuomba irudi walikuwa wagonjwa wenyewe, wakati hatari hiyo ikikadiriwa kuwa ya mtu 1 kati ya 1,000. Kwa anayeona miguu yake ikimwishia, hesabu hiyo ilikuwa na maana.

Takwimu zina nafasi yake, mradi zisemwe kwa ukamilifu. Kumwambia mtu kwamba dawa inapunguza hatari kwa nusu, bila kumwambia kuwa ni kutoka watu 2 hadi 1 kati ya 1,000, ni kumnyima nusu ya habari.

Hata hivyo, msimamo wangu una jeraha. Niliwahi kukubali mgonjwa asubiri kabla ya kuanza dawa, vidole vyake vikapinda na havikunyooka tena, na hadi leo sina hakika kama nilimheshimu au nilimwachia peke yake mzigo uliokuwa wetu sote. Tangu hapo sichukui jibu la mara ya kwanza kuwa la kudumu, kwa kuwa uzito wa mambo hubadilika kadiri ugonjwa unavyobadilika.

Mgonjwa wa wiki hii nilimuuliza ni siku ipi angeweza kuipoteza. Alifikiri kwa muda mrefu, akaitaja. Tumekubaliana achome sindano ya methotreksati chini ya ngozi jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa kuwa baadhi ya watu huivumilia vizuri kuliko vidonge, na baada ya wiki 12 tukae tena, nikiwa na majibu ya vipimo naye akiwa na hesabu ya siku zake.