Kwa nini ripoti ya asubuhi hukosea ilhali mitambo yote imefanya kazi?

Unafungua kompyuta asubuhi, ripoti ya mauzo ya jana iko tayari, na hakuna aliyekesha kuiandaa. Usiku programu imechota data kutoka mfumo wa mauzo, ikaipakia kwenye hifadhidata kuu, kisha ikaisafisha na kuijumlisha. Nani aliiamsha?

Mara nyingi ni cron, programu ndogo ya mifumo ya Unix iliyokuwapo tangu miaka ya 1970. Kila dakika inatazama orodha yake. Kama kuna kazi ambayo muda wake umefika, inaianzisha. Mstari mmoja wa orodha hiyo huanza hivi, kisha hufuata amri ya kuendeshwa:

0 2 * * *

Kwanza dakika, pili saa, halafu siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Nyota maana yake "yoyote". Hapo imeambiwa: kila siku, saa nane kamili usiku. (Ndiyo, saa nane. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi machweo, na ukiandika ratiba kwa haraka ni rahisi kusahau hizo saa sita.)

Shida ni kwamba cron inajua saa tu. Tuseme upakiaji unaanza saa nane na huchukua dakika 40, basi ukapanga ujumlishaji saa tisa. Miezi inapita salama. Mauzo yanaongezeka, upakiaji unafika dakika 65. Saa tisa kamili ujumlishaji unalikuta jedwali bado linajazwa, unajumlisha kilichopo na kutangaza kwamba umefaulu. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote. Ila mauzo yameshuka ghafla kwenye karatasi, na meneja ameshaanza kuwahoji wauzaji.

Mifumo ya baadaye, kama Airflow iliyoanzia kampuni ya Airbnb mwaka 2014, huzifunga kazi kwa utegemezi: ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalizike salama. Ya kwanza ikikwama, ya pili inasubiri, na mhusika anaweza kutumiwa ujumbe.

Lakini kazi iliyokwama lazima irudiwe, na kwangu hapo ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Kama programu huongeza tu mistari chini ya jedwali, mauzo yaliyokwisha kuingia kabla ya kukwama yataingia tena. Tiba mojawapo ni kufuta data yote ya siku hiyo na kuipakia upya ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani hatua zinazohesabiwa kama moja, ili lisipofanikiwa moja, yote yarudi yalivyokuwa. Nyingine ni kutumia namba ya risiti kama kitambulisho: ikikutwa ipo, mstari wake unasasishwa, hauongezwi.

Kabla sijaikabidhi kazi kwa ratiba, huiendesha kwa mkono mara mbili mfululizo kwa data ile ile, kisha nalinganisha jumla. Zikitofautiana hata kwa risiti moja, haipangwi usiku huo.