Mtoto Hodari Darasani Anapolemewa na Alama: Maswali na Majibu

Binti yangu huongoza darasa. Mbona analia akipata 96?

Kwa sababu kwake alama hiyo inampima yeye mwenyewe, si mtihani tu. Mtoto aliyezoea kuambiwa "una akili sana" huogopa kwamba kosa moja litafichua kuwa hana. Mwaka 1998, watafiti wa saikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na wanafunzi wa darasa la tano Marekani. Waliosifiwa kwa akili walielekea kuchagua kazi nyepesi, na walipokutana na maswali magumu wakavunjika moyo upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Baadhi yao hata walidanganya kuhusu alama zao. Basi sifu alichofanya: "Naona ulilirudia swali hili kwa njia nyingine."

Nitajuaje kwamba amelemewa?

Tumbo humuuma asubuhi za shule, likizo ikifika linapona. Hufuta neno lilelile mpaka karatasi inatoboka. Usingizi unampaa. Tafadhali usiseme anajisingizia. Wasiwasi huleta maumivu ya kweli. Hata hivyo, daktari amwone kwanza, isije ikawa kuna ugonjwa.

Nimpunguzie masomo?

Si lazima, na hapa wazazi wengi hukosea. Kazi nyepesi mno humchosha mtoto wa namna hii, na humnyima nafasi ya kuzoea kukwama. Punguza hofu ya kukosea. Akirudi nyumbani, usianze na "Umepata ngapi?" Muulize ni swali gani lililomsumbua leo. Mwache ajifunze kitu asichokiweza kwa urahisi, labda kuogelea au kupiga ala, pasipo mtu wa kumpa alama. Akikwama, kaa karibu naye bila kumtajia jibu. Kwangu mimi, dakika hizo zina faida kuliko tuisheni.

Na usingizi?

Wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Masomo ya ziada yanayokula saa hizo yaachwe.

Anaongea kama mtu mzima, lakini hulia ovyo. Ni kawaida?

Ndiyo. Anaweza kusoma kama wa miaka 12 na bado akaumia moyo kama wa miaka 8.

Lini nitafute msaada?

Akigoma kwenda shule, akiacha kucheza au kula vizuri kwa wiki kadhaa, zungumza na mwalimu wake na mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Akisema anajichukia au afadhali asingezaliwa, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo.