Andika Lengo Ambalo Juni Halitazua Ubishi

Kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi wa umma Tanzania hufungua PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi, na kuandika atakachofanya. Wengi huishia kunakili majukumu yao: "Kutunza kumbukumbu", "Kuboresha huduma kwa wateja". Majukumu hayo yalikuwapo mwaka jana na mwakani yatakuwapo. Lengo huwa na siku ya kwisha.

Tumchukue mtumishi wa masjala. Akiandika "kuboresha utunzaji wa majalada", Juni, kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, msimamizi atasema hajaona maboresho, yeye atasema yapo, na hakuna wa kuwaamua. Aandike hivi: "Kupanga upya na kuorodhesha majalada 600 ya wastaafu ifikapo 31 Desemba, na jalada likiombwa lipatikane ndani ya dakika 10." Hapo anayebisha anaenda kwenye rafu kuhesabu.

Hiyo 600 nayo isiokotwe. Aanze kwa kujipima wiki moja: kwa siku anamaliza majalada mangapi? Yakiwa 6, anahitaji siku 100 za kazi. Julai hadi Desemba ina siku za kazi 120 na ushei, ukiondoa sikukuu. Zinazobaki ni za likizo, misiba na zile semina za ghafla ambazo sote tunazijua.

Kinachosahaulika zaidi ni nyenzo. Fomu za OPRAS, mfumo wa tathmini uliotangulia PEPMIS, zilizoingia mwaka 2004 kuchukua nafasi ya tathmini za siri, zilikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa, na watu wakiiacha tupu au wakijaza "shajala" basi. Kama kazi inadai makasha mapya na msaidizi wa wiki tatu, yaandikwe, msimamizi ayaridhie. Vinginevyo Juni utaonekana mzembe kumbe makasha hayakununuliwa.

Idadi ya malengo nisiizungumze sana. Matano yanatosha, niliwahi kupokea orodha ya 17 na mwenyewe hakukumbuka hata nusu yake.

Ukifika katikati ya mwaka, lipitieni pamoja. Kama umepangiwa kazi nyingine, lengo lirekebishwe kwa maandishi siku hiyohiyo. Makubaliano ya kwenye korido, hata yakiwa ya nia njema kiasi gani, msimamizi akihamishwa Machi anaondoka nayo.