Tairi la Radiali na Tairi la Mshazari kwa Pikipiki ya Safari Ndefu
Ukiishika leso kwenye pembe mbili zinazokabiliana kisha uivute, itarefuka na kujipinda. Ukiivuta kwa kufuata nyuzi zake, haitarefuka. Ndani ya mpira wa tairi pia mna nyuzi, na mwelekeo wake ndio unaotofautisha tairi la mshazari na la radiali.

Katika tairi la mshazari, matabaka ya nyuzi hukatizana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ubavu huwa mgumu na hustahimili mzigo. Hata hivyo, kila tairi linapobonyea kwenye lami, matabaka hayo husuguana na kutoa joto, ambalo huongezeka kadiri mwendo unavyozidi. Katika tairi la radiali, muundo ambao kampuni ya Michelin iliusajili mwaka 1946 kwa ajili ya magari, nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha hufungwa mshipi juu yake, chini ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara. Ubavu hunyumbuka, kashata hutulia barabarani, na tairi halipati joto sana.

Kwa anayekwenda Mombasa kutoka Nairobi, takriban kilomita 480, akiwa amepakia mtu na masanduku, joto hilo si jambo dogo anapopita Mtito Andei saa saba mchana. Ikiwa pikipiki iliundwa kwa radiali, mimi singefikiria kingine. Lakini pikipiki nyingi nzito za zamani ziliundwa kwa mshazari, na ugumu wa ubavu uliingia katika hesabu ya fremu na rimu. Kuzifunga radiali bila idhini ya mtengenezaji kunaweza kuzifanya ziyumbe. (Bodaboda nyingi hutumia mshazari, wala hazikosei.)

Kabla ya kulipa dukani Kirinyaga Road, Nairobi, soma ubavu. Katika 180/55ZR17, herufi R ni radiali. Katika 130/90-16, kistari ni mshazari. Katika 150/80B16, B ni mshazari ulioongezewa mshipi. Namba inayoandikwa baada ya vipimo hivyo huonyesha mzigo wa juu kabisa wa tairi: 71, kwa mfano, humaanisha kilo 345. Usifunge radiali mbele na mshazari nyuma, hata fundi akikuhakikishia kwamba yote ni matairi tu. Upepo nao upimwe kwa geji, tairi likiwa baridi, kwa sababu ubavu mgumu wa mshazari unaweza kusimama imara hata upepo ukiwa umepungua, na teke la buti halitakuonyesha.