"Uwanja tunao pale Kamalondo": dhana inayonichosha

Kazi yangu ni kuandaa majalada ya miji inayoomba uenyeji wa mashindano kama Kombe la Mataifa ya Afrika. Hapa Lubumbashi kila mteja huanza hivi: "Uwanja mzuri tunao, kilichobaki ni kuomba tu." Nami namwuliza: Haya, papa, timu ya nne itafanyia mazoezi wapi?

Uwanja wa klabu ya TP Mazembe, huo wa Kamalondo, wenye viti kama 18,500, ulipokea mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, Mazembe ikaifunga USM Alger 2-0. Sikatai, nami nilipiga kelele siku ile. Lakini ile ilikuwa mechi moja na mgeni mmoja, aliyecheza akarudi kwao. Kundi la Kombe la Mataifa lina timu 4, zinazokaa mjini kwa wiki mbili hivi. Kila moja inataka kiwanja chake cha mazoezi chenye nyasi zinazofanana na za mechi, hoteli isiyoichangia na wapinzani, na hospitali ya karibu inayopokea majeruhi usiku. Ongeza waamuzi, waandishi wa habari na mashabiki, wote wakishukia uwanja wetu wa ndege wa Luano. Umeme nao ukikatika dakika ya 60, jenereta iwake papo hapo.

Tazama Korhogo, mji mdogo kuliko wetu. Kwa mashindano yaliyochezwa mwanzoni mwa 2024, Côte d'Ivoire haikuishia kujenga uwanja wa viti 20,000 pale. Ilijenga pia kijiji kizima cha nyumba za kulaza timu.

Halafu kuna mifereji ya kutoa maji ya mvua uwanjani, na hapa sina subira. Ule uwanja wao mkubwa wa Ebimpé, wenye viti 60,000, ulijaa maji Septemba 2023, mechi ya kirafiki na Mali ikavunjwa wakati wa mapumziko. Ilibidi warekebishe haraka kabla ya fainali ya Februari. Sisi mvua zetu zinanyesha kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na Kombe la Mataifa huchezwa mara nyingi Januari. Mteja akiniletea mchoro wa paa, namrudisha akalete mchoro wa mifereji.

Wateja wana na maneno mengine: "Lazima iwe mji mkuu." Barcelona iliandaa Olimpiki ya 1992, na mji mkuu wa Hispania ni Madrid.

"Tuko juu sana, wageni watakosa pumzi." Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi. Mexico City, penye mita 2,240, iliandaa Olimpiki ya 1968 na fainali mbili za Kombe la Dunia.

"Makuta tutakayotumia yatarudi yenyewe." Deni la Olimpiki ya Montreal ya 1976 lilimalizwa kulipwa 2006. Mtoto aliyezaliwa mjini humo mwaka wa michezo ile alikuwa na miaka 30.