Afya ya wakimbizi kambini: maswali na majibu kwa wachangiaji wa Dar es Salaam

Mapigano yanapozuka upya katika nchi jirani, zipo jumuiya za makanisa, misikiti na vikoba hapa Dar es Salaam ambazo hupenda kukusanya nguo, maziwa na dawa ili ziwafikie wakimbizi walioko Kigoma, hasa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyopo tangu mwaka 1996. Moyo huo unastahili shukrani, lakini msaada uliotolewa bila kuzingatia afya ya anayeupokea unaweza kumdhuru.

Watu hawa wamekimbia risasi. Kwa nini basi maradhi ndiyo yanayohofiwa zaidi kambini?

Kwa sababu watu wengi hufika mahali pamoja kwa siku chache, wamechoka na wana njaa, kabla maji safi na vyoo havijaandaliwa. Mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ardhi ya huko ni ya miamba ya volkano, hivyo vyoo vya shimo havikuweza kuchimbwa kwa urahisi, na wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Hapa kwetu, mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walijikuta wamesongamana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Kipindupindu kilizuka na kuua watu takriban 30. Mwezi Agosti mwaka huohuo ugonjwa huo ulizuka Kinondoni, jijini mwetu, kwa hiyo asiwepo anayedhani kwamba ni ugonjwa wa wakimbizi. Ni ugonjwa wa maji yaliyochanganyika na kinyesi, popote pale.

Maji na vyoo vinatosha kwa kiwango gani?

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata duniani kote, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Hizo ni robo tatu ya ndoo ya lita 20, na ndani yake mna maji ya kunywa, kupikia, kuoga na kufulia. Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na choo kimoja kisizidi watu 20. Shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji.

Vyoo vya wanawake vinapaswa kutengwa na vya wanaume, viwe na komeo kwa ndani na taa njiani. Jambo hili husahauliwa mno, ingawa mwanamke anayeogopa kwenda chooni usiku hulazimika kujisaidia karibu na hema lake au kujinyima maji ya kunywa, na yote mawili humletea maradhi.

Mtu akianza kuharisha, afanyiwe nini kwanza?

Arudishiwe maji na chumvi zinazompotea mwilini, kuanzia saa ileile, huku akipelekwa kwenye kituo cha afya. Ujuzi huu wenyewe ulithibitishwa kambini. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika Bangaon nchini India na maji ya kutundikia mishipani yakaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi, na ndugu zao ndio wakawa wauguzi. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti za dawa ya chumvichumvi zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kisha koroga. Usizidishe chumvi. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa na mhudumu. Aliyelegea, aliyeingia macho ndani au asiyeweza kunywa anahitaji kutundikiwa maji bila kuchelewa.

Je, tupeleke maziwa ya kopo kwa ajili ya watoto wachanga?

Hapana, na tunalisema hili tukijua kwamba ndiyo zawadi inayotolewa kwa huruma kubwa kuliko zote. Maziwa ya unga huhitaji maji salama, chombo kilichochemshwa, kuni na kopo jingine la kwanza linapokwisha, na kambini hivyo vyote ni haba. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, watafiti walikuta kwamba kuharisha kulikuwa kwingi takriban mara mbili miongoni mwa watoto waliogawiwa maziwa ya msaada kuliko wale ambao hawakuyapata.

Wapo wanaoamini kwamba mama aliyepatwa na hofu au njaa hukaukiwa maziwa. Hofu yaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini mtoto akinyonyeshwa mara kwa mara hurudi kutoka, na hata mama aliyekonda huweza kunyonyesha. Anayepaswa kulishwa zaidi ni yeye. Mtoto asiye na mama hupangiwa maziwa na wahudumu wa afya, ambao humfuatilia mmoja mmoja.

Na dawa zilizobaki nyumbani?

Zisipelekwe. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, zikiwa zimeombwa na wanaozipokea. Vita vya Bosnia viliacha maelfu ya tani za dawa zisizofaa, ambazo kuziteketeza kulikuwa mzigo mwingine.

Aliyebakwa njiani bado anaweza kusaidiwa?

Ndiyo, na muda ni jambo kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hata muda huo ukipita, aende, kwa kuwa majeraha na maradhi mengine bado yanatibika. Asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Asikilizwe kwa kiasi anachotaka kusema mwenyewe, na siri yake itunzwe.

Tuchangie nini, basi?

Fedha, kupitia shirika linalofanya kazi kambini, kama vile Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Mtu mmoja huhitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku, na mgawo wa chakula umewahi kupunguzwa chini ya kiwango hicho kwa sababu ya uhaba wa fedha za wafadhili. Kikundi kinachopendelea kutoa vitu kiulize kwanza kinachohitajika: mara nyingi jibu litakuwa sabuni, madumu safi yenye vifuniko, vyandarua vyenye dawa na taulo za kike.